Programu yenye nyota tano: niiamini?

SWALI: Nina duka dogo la steshenari hapa Tanga, ambapo nachapa barua za watu na kudurufu vyeti. Kompyuta yangu mpakato imekuwa nzito tangu mwezi uliopita. Nilipokuwa nikitafuta suluhisho mtandaoni, lilijitokeza dirisha lililodai kwamba kompyuta ina hitilafu 1,186, likanitaka nipakue programu ya kuisafisha kwa dola 39. Sikukurupuka kulipa, bali nilitafuta kwanza maoni ya waliokwisha kuitumia. Karibu wote wameipa nyota tano, na tovuti tatu tofauti zimeisifu, lakini moyo wangu haujatulia. Nitajuaje kama maoni hayo ni ya kweli?
Mama wa steshenari, Tanga

JIBU: Mama, usilipe, na kama umekwisha kuipakua programu hiyo, iondoe leo. Ukurasa wa tovuti uliofunguka ndani ya kivinjari hauna uwezo wa kuingia kwenye diski yako na kukagua kilichomo, kwa hiyo zile hitilafu 1,186 hakuna aliyezihesabu. Ni tarakimu zilizoandikwa na mwenye tangazo, na kila anayeangukia hapo huonyeshwa kitisho cha aina hiyohiyo.

Mchezo huu si mgeni. Machi 2024, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni mbili zenye makao Cyprus, Restoro na Reimage, zimekubali kulipa dola milioni 26 ili kumaliza madai ya kuwatisha watu, hasa wazee, kwa madirisha yaliyofanana na ya Windows. Wachunguzi wa tume walijifanya wateja na kununua programu hizo wenyewe. Kwa mujibu wa madai hayo, mnunuzi alilipa kati ya dola 27 na 58, kisha akatakiwa kupiga simu ili programu ianze kazi, na huko kwenye simu akauziwa huduma ya fundi kwa mamia ya dola.

Sasa nije kwenye maoni yenyewe. Ulichokiona kuwa ni mashahidi watatu, yaani zile tovuti tatu, huenda ni mnufaika wa aina moja. Zipo tovuti nyingi zinazoishi kwa kamisheni: kila msomaji akibofya kiungo chao na kununua, mwenye tovuti hulipwa fungu. Utaikuta tovuti moja ina mamia ya kurasa za kueleza namna ya kuondoa kirusi hiki na kile, na kila ukurasa, hata virusi vikitofautiana vipi, unaishia kwenye kitufe kilekile cha kupakua programu ileile. Shuka hadi chini kabisa, penye maandishi madogo, kwa kuwa mara nyingi ndipo wanapokiri kwamba hulipwa. Hata ukitafuta jina la programu pamoja na neno “utapeli”, unaweza kupokewa na ukurasa ulioandaliwa na wauzaji haohao, unaouliza swali lako kwa sauti ya mashaka na kuhitimisha kwamba programu ni salama.

Maoni ya watumiaji yasome kwa tarehe kabla ya kuyasoma kwa nyota. Sifa 40 zilizomiminika ndani ya siku mbili, kisha kimya cha miezi, hazitokani na wateja wa kawaida. Baada ya hapo tazama kama mwandishi anaeleza jambo lililomtokea. Anayeandika “programu bora sana, imenisaidia mno, naipendekeza kwa kila mtu” angeweza kuwa anasifu sabuni. Anayeandika kwamba ilimfungulia nafasi kidogo kwenye diski lakini printa yake ikagoma mpaka alipoisakinisha upya, huyo aliitumia. Ndiyo maana mimi huanza na wenye nyota moja, mbili na tatu, na katika programu za namna hii malalamiko yao huwa ya fedha: kadi ya benki iliyokatwa fedha tena mwaka uliofuata bila wao kutaka, au fedha walizoomba kurudishiwa na hawajibiwi.

Zamani lugha mbovu ilitosha kuwaumbua waandishi wa uongo, lakini leo mashine huandika maneno safi kwa sekunde chache, hivyo usiitegemee alama hiyo. Marekani imepiga marufuku kuuza na kununua maoni bandia kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 21 Oktoba 2024, na ni hatua njema, ila haitakurudishia wewe dola 39 ukiwa Tanga.

Kuhusu uzito wa kompyuta, kama ni Windows 10 au 11, tayari ina kinga ya Microsoft Defender isiyolipiwa. Ifungue na uiamuru ikague kompyuta nzima. Kisha tazama kama diski imejaa, na uzime programu zinazojiwasha pamoja na kompyuta. Kama bado ni nzito, mpelekee fundi unayemfahamu kwa sura. Kabla hujamkabidhi, hamisha nakala za vyeti na vitambulisho vya wateja wako kwenye diski ya nje na uzifute kwenye kompyuta, kwa sababu watu hao walikuamini wewe, wala hawajui kwamba karatasi zao zimebaki ndani ya mashine.