Ctrl+End inapopita mwisho wa data

Ndugu, umeuliza kwa nini katika Excel Ctrl+End (vitufe vya kurukia seli ya mwisho iliyotumika) inapita mwisho wa orodha yako. Kitufe cha Delete kinafuta maandishi tu. Rangi na mistari ya seli inabaki, kwa hiyo Excel bado inazihesabu kuwa zimetumika, ndiyo maana Ctrl+End inakurusha safu mlalo ya 40,000 ilhali orodha yako inaishia ya 312. Bofya namba 313 pembeni, Ctrl+Shift+mshale wa chini, kisha Ctrl na alama ya kutoa ili uondoe safu mlalo hizo kabisa. Safu wima tupu za kulia vivyo hivyo. Halafu hifadhi faili, makro (programu ndogo za ndani ya Excel) hazihitajiki. Daftari la chama chetu cha akiba hapa Mbale lilikuwa likichapa kurasa tupu kibao, likapona hivyo. Weka nakala kwanza: fomula inayotegemea seli ulizoondoa inaweza kutoa #REF!, yaani kosa la seli isiyopatikana.