Sanduku la kuzalia paka: taulo au shuka?
Shuka kuukuu la pamba, si taulo. Kucha za paka mchanga bado haziwezi kurudi ndani, kwa hiyo hunasa kwenye vitanzi vya nyuzi za taulo, na akijivuta anaumia. Tandika tabaka tatu au nne, uwe unaondoa la juu likilowa bila kumsumbua mama. Sanduku la sm 60 kwa 45 linatosha. Kizingiti cha mlango kiwe sm 12 hivi, mama avuke kwa urahisi ila watoto wasitambae nje wakapigwa na baridi. Muhimu zaidi: ziba uvungu wa kitanda na nyuma ya kabati mapema, wiki mbili kabla, la sivyo atazalia huko na hutamfikia akipata shida.