Kabati la kale la vitabu: anza kulikagua mgongoni

Muuzaji hukuonyesha mbele: vioo, nakshi, mng'aro wa vanishi. Wewe omba kabati livutwe kutoka ukutani. Mtindo wowote huweza kuigwa karne mbili baadaye, na kuigwa kumefanyika sana, hivyo sura ya mbele inakuhakikishia jambo moja tu: kabati si la kale kuliko mtindo wake.

Mitindo yenyewe haichukui muda kuijua. Samuel Pepys, Mwingereza maarufu kwa shajara yake, alianza kutengenezewa makabati ya mwaloni yenye milango ya vioo huko London mwaka 1666. Yalifika 12 na yote yako Cambridge hadi leo. Karne ya 18 ikaleta mahogani na makabati mapana ambayo sehemu ya kati imejitokeza mbele ya mbavu zake. Mapema karne ya 19 yakapungua kimo, mengi yakiwa wazi au na wavu wa shaba mlangoni. Kuelekea mwisho wa karne hiyo Marekani ikapenda visanduku vinavyopandishwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na mlango wa kioo unaoinuliwa kisha kusukumwa ndani; kampuni maarufu hapo ni Globe-Wernicke.

Sasa mgongoni. Pitisha tochi kwa mshazari juu ya mbao ambazo hazikupigwa randa. Mikwaruzo iliyonyooka mara nyingi ni ya msumeno wa mkono. Iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa duara, yaani karne ya 19 au baadaye. Skrubu za zamani zina ncha butu, na ufa wa bisibisi mara nyingi haukai katikati. Skrubu mpya peke yake haina kosa, kwani bawaba hukazwa upya. Plaiwudi ndiyo ya kuulizia, kwani ilienea baadaye sana.

Udanganyifu unaowapata wengi ni kabati la juu la samani moja kukalishwa juu ya sehemu ya chini ya nyingine. Inua la juu, mkiwa watu wawili. Kama uso uliofunikwa umepambwa na kung'arishwa vizuri, shuku: fundi hakuwa na sababu ya kupendezesha pasipoonekana. Linganisha pia mbao za migongo yote miwili, unene na rangi.

Kwenye mlango, fito za kweli hubeba vipande vidogo vya kioo kimoja kimoja. Kioo kimoja kizima chenye fito zilizobandikwa juu kinaonyesha njia ya mkato ya baadaye. Kipande kilichobadilishwa si hoja.

Matundu ya dumuzi yenye upana wa milimita 1 hadi 2 hayatishi yakiwa makavu na meusi ndani. Unga mweupe unaomwagika chini unamaanisha wadudu bado wanakula. Tibu kabla ya kuliingiza ndani.

Rafu iliyobonyea, igeuze juu chini. Mita moja ya vitabu hufikia kilo 30 kwa urahisi, kwa hiyo vile vizito viweke karibu na mbavu. Na msasa usiuguse: ukiondoa rangi iliyokomaa kwa miaka hairudi. Nta kidogo kwa kitambaa laini inatosha.