Mkono Ukitulia Upanga Hukata: Ushauri kwa Anayeanza Skyward Sword

Usiku wa tatu mbele ya Ghirahim, bega langu la kulia lilikuwa likiuma kama la mtu aliyeshinda kutwa akitwanga mahindi. Bosi huyu, yaani adui mkuu wa hatua, ndiye mtihani mkubwa wa kwanza katika The Legend of Zelda: Skyward Sword, mchezo uliotoka Novemba 2011 kwenye Wii, mashine ya michezo ya Nintendo ambayo rimoti yake unaipunga kama upanga. Anapoanza pambano hana silaha. Anakujia kwa mwendo wa maringo, kiganja mbele, na kila ukipiga anaudaka upanga wako kwa vidole. Nilipiga kutoka kushoto, akadaka. Nikapiga kutoka kulia, akadaka. Nikaongeza nguvu hadi kiti kikaanguka nyuma yangu, akadaka vilevile.

Tangu hapo nimewaona watu kadhaa wakiuacha mchezo huu mahali hapo hapo, akiwemo mpwa wangu, na wote hutoa sababu moja: rimoti haisikii. Nataka nizungumze na wewe uliyefika hapo na unataka kukata tamaa. Rimoti inasikia. Inasikia hata yale usiyotaka isikie, na shida nzima imekaa hapo.

Kwa kupima mwendo wa mkono, rimoti ya kwanza ya Wii ilikuwa na kifaa cha mtikiso na mwinamo tu. Kwa gofu na tenisi ilitosha, maana ungeweza kutikisa kifundo cha mkono ukiwa umelala kwenye kochi na mpira ukaenda. Mwaka 2009 Nintendo walileta MotionPlus, kidude cha kuchomeka chini ya rimoti chenye jairoskopu, yaani kipimo cha mzunguko. Skyward Sword hauchezeki bila hicho. Ukinunua rimoti ya mtumba, hakikisha imeandikwa Wii MotionPlus Inside au kidude chenyewe kipo, vinginevyo utafika nyumbani na diski isiyo na kazi. Kwa msaada wa jairoskopu, mchezo unajua kila wakati mkono wako umeelekea wapi. Ukiinua rimoti juu, Link, shujaa unayemwongoza, naye anainua upanga. Ukiilaza kushoto, naye anaulaza kushoto. Kuna mapigo ya pande nane, na la tisa ni la kuchoma mbele.

Kwa hiyo mchezo hauulizi umepiga kwa nguvu kiasi gani. Unauliza upanga ulikuwa upande gani kabla hujapiga, na ulielekea wapi ulipopiga. Aliyezoea kutikisa ovyo anajibu maswali hayo bila kujua amejibu nini.

Sasa turudi kwa Ghirahim. Kiganja chake kinafuata upanga wako. Ukiushika kushoto, kiganja kinakwenda upande huo, ukiushika kulia kinahamia huko. Dawa yake ni kumwonyesha upande mmoja na kumpiga kutoka upande mwingine. Wengi wanalijua hilo, wanalijaribu, na linawashinda. Linawashinda kwa sababu wanapouhamisha mkono kutoka kushoto kwenda kulia ili wajiandae, wanauhamisha haraka, na mchezo unahesabu uhamisho ule kuwa ndio pigo. Upanga unapita mbele ya kiganja chake, anaudaka. Mchezaji anaapa kwamba hakupiga. Amepiga, mkono wake umepiga kabla yake.

Fanya hivi. Shika upanga upande mmoja na usubiri mpaka uone kiganja chake kimetulia huko. Kisha uhamishe mkono taratibu, ukiupitisha juu ya kichwa kama mtu anayeweka mtungi rafuni, hadi upande wa pili. Ukifika, piga papo hapo, pigo moja fupi, kiganja kikiwa bado njiani. Polepole ni kujipanga, haraka ni kupiga. Mkono ukishaitenganisha miendo hiyo miwili, nusu ya mchezo huu imefunguka.

Mimi nililielewa jambo hili kwa kukumbuka kirumbizi. Nimekulia Lamu, na kirumbizi, mchezo wa fimbo wa kwenye sherehe, nimeutazama tangu nikiwa mdogo hata sifiki kiunoni mwa wachezaji. Fundi wa fimbo hakimbilii kupiga. Anazunguka na ngoma, fimbo imeelea hewani, macho yako kwa mwenzake, na fimbo ile inayoelea ndiyo inayomfanya mwenzake ajikinge mahali pasipohitaji kinga. Usiku ule wa tatu niliketi kitandani, nikawaza fimbo zile, nikasimama tena. Sikumshinda usiku huo, lakini kwa mara ya kwanza nilimkata.

Maadui wengine wote wanafundisha somo hilohilo kwa sura tofauti, na ni vizuri uwachukue kama walimu. Deku Baba, ua lenye meno la msitu wa Faron, hufungua kinywa kwa ulalo au kwa wima, nawe unakata kufuata ufa wa kinywa. Staldra ana vichwa vitatu vinavyoota upya usipovikata vyote kwa pigo moja, kwa hiyo ngoja vijipange mstari mmoja, uone mstari umelala vipi, ndipo ukate. Stalfos, askari wa mifupa, hukinga upande mmoja na kuacha mwingine wazi. Skulltula, yule buibui, inabidi umpindue kwa pigo la kutoka chini kwenda juu, kisha umchome tumboni. Hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa wingi wa mapigo. Bokoblin, maadui wa kawaida wa mwanzo, wanaweza kukudanganya kwamba inawezekana, maana ukitikisa sana mwishowe wanaanguka, na tabia hiyo ndiyo itakayokuponza mbele ya wakubwa. Mimi ningekushauri uutumie muda wako msituni na Bokoblin mmoja mmoja, uhesabu: kila anayekufa, nilikusudia pigo gani, na lilitoka pigo gani?

Pigo la kuchoma ndilo gumu kuliko yote. Ukianza na rimoti imeinama pembeni kisha ukasukuma mbele, mkono hupinda kidogo njiani na mchezo unasoma pigo la mshazari. Elekeza ncha ya rimoti kwenye runinga kwanza, tulia kwa muda wa pumzi moja, kisha sukuma kiwiko mbele bila kukunja kifundo. Ukishindwa, usirudie papo hapo. Rudisha mkono taratibu, anza upya.

Ngao iko mkono wa kushoto, kwenye Nunchuk, kile kidhibiti cha pili kinachounganishwa na rimoti. Ukiisukuma mbele wakati pigo la adui linafika, unamyumbisha na ngao yako haichakai. Ukijificha nyuma yake tu, inachakaa hadi ivunjike. Ngao ya mbao huungua kwa moto, na ya chuma hupitisha umeme, basi angalia unakwenda wapi kabla hujatoka Skyloft, kisiwa cha angani anakoishi Link.

Kuna kasoro ambayo kweli ni ya mashine, nami sitaificha. Jairoskopu hupima mzunguko, haijui mahali. Makosa madogo madogo hujikusanya, na baada ya muda, hasa ukishatupa mkono kwa kasi kubwa, unaona upanga wa Link umepinda kulia ilhali wako umenyooka. Usipigane na hali hiyo. Kwenye Wii, elekeza rimoti katikati ya skrini na ubonyeze kitufe cha msalaba upande wa chini, alama ya kuelekezea inarudi katikati. Kwenye toleo la Switch, mashine ya Nintendo ya baadaye, ni kitufe cha Y. Mimi nimelifanya hilo kuwa desturi: kabla ya mlango wa bosi, kabla ya kurusha mshale, kila ninapomaliza pambano, kidole kinakwenda chenyewe. Upotofu ukizidi, utaombwa uilaze rimoti juu ya meza, vitufe vikitazama chini, ijisawazishe. Meza iwe meza kweli. Godoro au mapaja yako yatasogea, na kipimo kitaanza na kosa ambalo utaishi nalo saa nzima.

Mwili nao una haki yake. Vaa kamba ya kifundoni na uikaze, sisemi hivyo kwa ajili ya rimoti tu bali kwa ajili ya kioo cha runinga na kichwa cha mdogo wako anayetazama. Simama au keti pembeni mwa kiti, kiwiko kikiwa karibu na ubavu. Nilipoanza nilikuwa nikipiga kwa bega, na ndiyo maana liliuma. Pigo la kiwiko na kifundo, la urefu wa shubiri mbili hivi, linasomeka vizuri zaidi kuliko la mkono mzima kwa sababu lina mwanzo na mwisho unaoonekana. Nusu saa, pumzika, kunywa maji. Ukianza kukasirika, mikono inaanza kukaza, na mkono uliokaza haupiti polepole popote.

Kwa wenye mkono wa shoto: Link wa mchezo huu anashika upanga kulia na hakuna chaguo la kumgeuza. Dada yangu ni mtu wa shoto. Alijaribu kulia siku mbili, hakuweza, akashika rimoti kushoto na Nunchuk kulia, na baada ya saa chache macho yake yalizoea. Kipimo hakijui ni mkono upi ulioshika, kinajua mzunguko tu.

Neno kwa wanaoletewa mashine na ndugu walio Marekani. Adapta ya Wii ya huko ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu inaungua, nimeiona ikiungua kwa jirani na harufu ilikaa sebuleni siku mbili. Tafuta transfoma au nunua adapta ya volti 240. Tena Wii ina mipaka ya kanda, diski ya Ulaya haichezi kwenye mashine ya Marekani. Switch haina tabu hizo zote mbili. Na kwa kuwa stima hupotea, kumbuka kwamba Skyward Sword wa Wii hauhifadhi wenyewe. Unahifadhi kwenye sanamu za ndege tu. Ukipita sanamu, simama. Toleo la Switch lina hifadhi ya kiotomatiki.

Toleo hilo la HD lilitoka Julai 2021, na linakuruhusu kucheza kwa vitufe, upanga ukiongozwa na kijiti cha kulia. Nimeulizwa mara nyingi lipi bora. Kama una maumivu ya bega au kifundo, au unacheza kwenye matatu ukienda kazini, tumia vitufe bila kusita, mchezo ni uleule na mafumbo ni yaleyale. Kumbuka tu kwamba kijiti kikishakuwa upanga, kuzungusha kamera kunahitaji ushike kitufe cha L. Lakini kama mwili wako ni mzima na una nafasi ya hatua tatu mbele ya runinga, jaribu mikono kwanza. Kuna jambo linatokea unapoinua upanga juu, ukasubiri ujae nuru, kisha ukaushusha na nuru ikaruka kutoka kwenye ncha, ambalo kijiti hakiwezi kukupa. Hata kulizungushia upanga jicho linalolinda mlango hadi lipate kizunguzungu! Mwenzako aliyekaa pembeni ataomba zamu.

Mengine yatakuja yenyewe. Kuongoza ndege angani na Beetle, kile kifaa cha kurusha chenye umbo la mdudu, ni kuinamisha kifundo kidogo kidogo, na ukikosa unarudia bila hasara. Kinubi kinataka ufuate mdundo, usitazame mkono. Mabomu unayaviringisha kwa mkono wa chini, kama tulivyokuwa tukiviringisha golori.

Mpwa wangu alirudi likizo ya Agosti. Sikumwambia mengi, nilimwomba tu apigane na Deku Baba kumi bila kupiga pigo ambalo hakulikusudia. Ilimchukua jioni nzima na alinuna. Kesho yake akaingia kwa Ghirahim. Alishika upanga kushoto, kiganja kikaufuata. Akaupitisha juu, polepole kiasi kwamba mimi niliyekuwa mlangoni nilishika pumzi, na alipofika kulia akakata. Kisha akakata tena. Visu vya Ghirahim vilipokuja vimejipanga kwa ulalo, alivipiga kwa ulalo vikamrudia mwenyewe.

Alipomaliza alikaa chini akatazama mikono yake. Jumapili iliyopita alikuwa Eldin, eneo la volkano, mbele ya Lizalfos, mjusi mpiganaji, ngao imeinuliwa, hajapiga hata pigo moja. Nikamuuliza anangoja nini. “Subiri kwanza, Mjomba,” akasema, “natazama ule mkono wa jiwe umekaa upande gani.”