Usipunguze lami mpya kwa sababu ya kifusi cha bure

Mkuu, sitisha hiyo oda. Umepewa bure kifusi cha lami iliyokwanguliwa barabara kuu, unataka kukitia asilimia 40 kwenye mchanganyiko wa yadi ya malori, na jamaa wa mtambo wa kuchanganya lami na kokoto kakwambia kifusi kina lami asilimia 5 kwa hiyo ununue mpya kidogo. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifilisi mimi.

Tuipige hapa. Mchanganyiko unataka lami asilimia 5. Kifusi kinaleta 2 (asilimia 40 ya hiyo 5), unanunua 3, unachekelea. Sasa hiyo 2 imekaa juani miaka, hewa imeikausha. Lami mpya ya daraja la 60/70, sindano ya maabara ya kupima ugumu inazama milimita 6 hadi 7. Ya kifusi unaweza kukuta inazama 2, au chini ya hapo. Mtamboni sehemu yake inalainika na kuchanganyikana na mpya, nyingine inabaki imegandia kokoto zake vilevile. Ikilainika nusu tu, una asilimia 4 inayoshika badala ya 5, na hiyo 4 yenyewe imeshakuwa ngumu.

Ubaya wake siku ya kumwaga huoni kitu. Yangu ilitoka nyeusi, ikashindiliwa, mkaguzi akasifu. Malori yakalala juu yake msimu wa joto, haikubonyea. Nikajitapa kila kijiwe, maana lami ngumu kweli inazuia mifereji ya matairi, hilo hawakudanganyi. Halafu zikaja nyufa, kwanza nyembamba pale matairi yanapopita, kisha zikakutana. Masika yakaingia, maji yakazama chini, na getini malori yanapokata kona kokoto zikawa zinang'oka, unaziokota kwa mkono. Nikakwangua yote na kumwaga upya kwa hela yangu. Faida niliyopata ni kifusi kingine cha bure.

Na yule wa mtambo! "Lami ni lami, bosi." Analipwa kwa tani, yeye imuume nini? Nikamuuliza ugumu wake vipi, akanyoosha kidole kwenye lundo: "Si unaona ilivyo nyeusi?" Makaa nayo meusi, mbona hatumwagi barabarani. Ile asilimia 5 yake ilikuwa na karatasi kabisa, na haikuwa ya uongo. Ilitoka kwenye tanuri ya kuchomea sampuli, na tanuri inakupa kiasi tu. Lami yenyewe imeshaungua, utapima ugumu wa nini?

Kwa hiyo usipunguze hata kilo moja ya lami mpya kabla maabara haijaitoa lami ya kifusi kwa kiyeyusho, ikakiondoa kiyeyusho hicho ibaki lami tupu, na kuipiga sindano. Hata Wamarekani, wanaotumia kifusi miaka nenda rudi, kwenye AASHTO M 323, kanuni yao ya kupanga mchanganyiko wa lami, waliweka ngazi: chini ya asilimia 15 unabaki na lami yako ileile, 15 hadi 25 unachukua iliyo laini kwa daraja moja, ukivuka 25 lazima upige hesabu ya kuchanganya kutokana na lami iliyotolewa kwenye kifusi chenyewe. Wewe uko 40 na huna hata sampuli.

Halafu lifunike lundo turubai. Mtamboni kifusi hakipigwi moto moja kwa moja, kinapashwa na kokoto mpya zilizochomwa kupita kawaida. Kikiwa kimenyeshewa, joto lote linaishia kwenye mvuke na ile lami kuukuu ndiyo hailainiki kabisa.

Chota sampuli juu, katikati na pembeni mwa lundo, usichote sehemu moja. Peleka wiki hii, na majibu ya sindano yabandike hapa kabla hujalipa chochote.