Mjibu hoja, matusi yapite

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza: mtu akikutukana mtandaoni mbele ya kadamnasi, ukinyamaza utaonekana umeshindwa, ukimjibu mtakuwa wawili, sasa ufanyeje?

Nianze na aibu yangu. Mwaka jana, kwenye kundi la wazazi, tulibishana kama watoto wapewe simu. Mzazi mmoja akaandika aya ndefu iliyoanza, "Wanaokataza simu wana hofu tu." Sikufika sentensi ya pili. Nikamshukia kwa maneno ambayo ana kwa ana nisingethubutu kuyatamka. Kumbe aya iliishia hivi: "na hofu hiyo ina msingi, hata mimi wangu sijampa." Nilifuta, lakini watu walishaona. Mama yako ananicheka hadi leo.

Mwanasaikolojia John Suler aliieleza hali hiyo mwaka 2004: mtandaoni mtu hujiachia kwa sababu haonekani, pengine hata jina lake halijulikani, na jibu haliji papo hapo. Uso wa uliyemuumiza huuoni.

Siku hizi, kabla sijapinga, naiandika hoja ya mwenzangu kwa maneno yangu, kisha namuuliza, "Ndivyo unavyosema?" Mwanahisabati Anatol Rapoport alilishikilia sana jambo hili: eleza hoja ya mpinzani wako mpaka akiri umemwelewa, ndipo uipinge. Inachosha, sikufichi. Ila mara nyingi hapo ndipo nagundua tunagombania neno moja: yeye akisema "watoto" anawaza wa miaka 14, mimi wa miaka 5.

Tusi nalo lipepete. Mtu akikwambia, "Mjinga wewe, takwimu zako za zamani," hoja hapo ni takwimu. Mwambie ni za mwaka gani na umezitoa wapi. Kama kweli zimepitwa, kubali palepale. Ule ujinga usiuguse. (Akikutisha ni habari nyingine: tunza ushahidi, mzuie, ripoti.)

Wala usihangaike kumgeuza yeye. Waandikie wanaosoma kimya, ambao ni wengi kuliko nyinyi wawili. Ukishajibu mara mbili na hakuna jipya, ondoka. Waliosoma wameshaona nani alileta nini.

Yule mzazi nilimwomba radhi mlemle kundini, maana nilimkosea hadharani. Akajibu, "Yameisha." Wiki iliyofuata tukabishana tena, safari hii kuhusu kazi za likizo.

Baba yako