Masta ya kompyuta: ipi itanisogeza kwenye kazi?

SWALI: Shikamoo kaka mshauri. Nina digrii ya teknolojia ya habari, niko kazini mwaka wa tatu sasa upande wa sapoti, yaani kureseti paswadi za watu, kufunga printa, mambo hayo hayo. Nataka kuhamia kwenye kutengeneza softwea ila nikituma CV ni kimya tu. Nimepata nafasi tatu za masta ya sayansi ya kompyuta: ya mwaka mmoja Uingereza, ya miaka miwili Marekani, na nyingine ya onlaini ambayo naweza kusoma huku nafanya kazi. Washkaji wanasema angalia renki ya chuo, aliye juu ndiye huyo huyo. Nichague ipi? – Fundi Printa

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Renki iweke pembeni kwanza. Hizi zinazotajwa sana, za QS na Times Higher Education, zinapima zaidi utafiti, makala za maprofesa zinanukuliwa kiasi gani, na chuo kina jina gani kwa wasomi wenzao. QS wameweka na maoni ya waajiri, sawa, ila kwenye renki ile kubwa hayo ni ya chuo kizima, na kitivo cha utabibu kimo humo humo.

Mi ningeanzia kwenye tangazo la kazi halafu nirudi nyuma mpaka chuoni. Kusanya matangazo kama 20 ya kazi unayoitaka, ya ngazi ya mtu anayeanza, kwenye nchi unayotaka kufanyia kazi, uandike kinachojirudia. Kwa kazi za bekiendi, yaani ile sehemu ya softwea ambayo mtumiaji haioni, utakuta SQL (lugha ya kuuliza database), Git (ya kutunza matoleo ya programu), lugha moja kama Java au Python, kupima programu uliyoandika, na mambo ya klaudi, yaani kuendesha programu kwenye kompyuta za kukodi mtandaoni. Sasa fungua orodha ya masomo ya kila masta, na usiishie kwenye majina maana majina yanapambwa, shuka mpaka kwenye jinsi wanavyotoa maksi. Somo la database ambalo maksi zote ziko kwenye mtihani wa mwisho utatoka nalo na gredi tu, ila lile ambalo nusu ya maksi ni projekti ya kikundi utatoka na kitu cha kumwonyesha mtu. Algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa kompyuta, nazo usizikwepe ukidhani ni nadharia, kampuni kubwa nyingi intavyu ya kwanza wanakuuliza hizo hizo.

Hapo kwenye ya Uingereza angalia kwa makini sana. Kuna masta kule zinaitwa sayansi ya kompyuta, jina ni hilo hilo, lakini zimetengenezwa kwa waliosoma historia au biashara na wanataka kuhamia huku. Utaijua kwenye sifa za kujiunga, ukikuta wanapokea digrii ya fani yoyote ujue wanaanza na variabo na lupu, yaani misingi kabisa ya programu, wewe utalipa ada kubwa kurudia mwaka wako wa kwanza.

Halafu kuna suala la muda, na hili watu wanalidharau sana. Masta ya mwaka mmoja inaanza Septemba, na kampuni nyingi kubwa za Uingereza zinafungua nafasi za wahitimu wa mwaka unaofuata kwenye miezi hiyo hiyo, kwa hiyo unatakiwa uombe kazi kabla hujapata hata maksi moja ya masta, CV yako bado ni ile ile ya printa. Ya miaka miwili Marekani katikati ina likizo ndefu ya kiangazi, watu wanaenda intanshipu, yaani mafunzo kazini, na kampuni nyingi zinaajiri kutoka kwa wale wale waliofanya nao intanshipu. Ukimaliza, viza ya mwanafunzi kule inakuruhusu miezi 12 ya kazi inayoendana na ulichosoma, na fani za sayansi na teknolojia unaweza kuomba 24 zaidi. Uingereza ilikuwa miaka miwili, na wametangaza itakuwa miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027. Sheria hizi zinabadilika, soma tovuti ya serikali yenyewe na sio maneno ya wakala.

Onlaini isikutie aibu. Georgia Tech wanatoa masta yao kwa njia hiyo tangu 2014, University of Texas at Austin nao wapo, ada ni ndogo sana ukilinganisha na kukaa chuoni na digrii inayotolewa ni ya chuo kile kile. Ila haikupi viza ya kwenda kufanya kazi huko.

Kwa hiyo kama lengo ni kuhama nchi na hela ipo bila kujitia kwenye deni la kukunyonga, chukua ya miaka miwili. Kama unabaki ulipo chukua onlaini bila kusita, na kazi usiache, andika hata skripti, yaani programu fupi, ya kupanga tiketi za sapoti (maombi ya msaada ya watu) hapo ofisini, hiyo ukiiweka kwenye CV ni uzoefu wa kutengeneza softwea tayari. Ya mwaka mmoja kwa hali yako naiweka mwisho. Kabla ya kulipa chochote ingia LinkedIn, ukurasa wa chuo una sehemu ya wahitimu, chuja kwa fani uone wako wapi sasa hivi.

SWALI: Dada yangu anataka masta ya akili mnemba badala ya kompyuta ya kawaida, anasema ndiko kazi zilipo. Nimwambieje? – Kaka Mtu

JIBU: Mwambie achukue ya kompyuta yenye masomo ya akili mnemba ya kuchagua, soko likigeuka bado ana pa kushika. Kama ameamua ameamua, basi aanze matrisi na takwimu sasa hivi kabla hajafika, maana huko walimu hawarudi nyuma kumsubiri mtu.